Klarineti Ipi Irudishiwe Pumzi?

Katika mkutano wa mwisho wa tawi letu, jambo lililodhaniwa dogo lilitula mchana kutwa. Mzee mmoja, mstaafu wa bendi ya askari, alikuwa amekiletea kikundi chetu cha utamaduni sanduku la mbao lenye klarineti tatu kuukuu. Alituomba tuchague moja, tuifanyie matengenezo, kisha tuitie mikononi mwa wanafunzi ipigwe tena. Fedha zilizomo katika mfuko wa kikundi zatosha kutengeneza moja tu. Wajumbe waligawanyika, sauti zikapanda, na mkutano ukafungwa bila ya uamuzi. Sisi tulioandika makala haya tulikuwa upande wa wachache. Tumeona ni wajibu wetu kuieleza hoja yetu kwa maandishi, kwa sababu uamuzi unaoelekea kupitishwa ni kosa, na kosa lenyewe si la muziki peke yake.

Kabla ya kubishana, na tuvitaje vyombo vyenyewe. Cha kwanza ndicho kikongwe. Ni cha mpingo, vibonyezo vyake ni vichache, nacho kimeundwa kwa mtindo uitwao wa Albert, kwa jina la Eugène Albert, fundi wa Brussels aliyefariki mwaka 1890. Chini ya jina la duka lililokiuza zimepigwa muhuri herufi mbili, HP. Chombo hiki kilikuwa mali ya baba yake mzee wetu, naye alikipiga katika bendi ya askari zama za ukoloni. Cha pili ni cha chuma kilichopakwa fedha, cha aina iliyotengenezwa kwa wingi nchini Marekani katika miaka ya 1920 na 1930 kwa ajili ya shule na bendi za gwaride. Hata sasa kinang'aa. Lakini vibonyezo vyake viwili vimeng'oka, wala havimo sandukuni. Cha tatu ni cha mpingo pia, cha mtindo wa Boehm, wenye vibonyezo 17 na pete 6. Hakina jina la fundi mashuhuri, rangi yake imepauka, vifuniko vya matundu vimeliwa na wadudu, na kipande chake cha juu kina ufa wenye urefu wa kidole.

Wengi wanataka kikongwe kitengenezwe kwa kuwa ni kikongwe. Wengine, vijana hasa, wanataka cha chuma kwa kuwa kinang'aa na kitapendeza jukwaani. Wachache wanasema vyote vitatu viuzwe, kinunuliwe kipya cha plastiki. Sisi twasema kitengenezwe cha tatu, pamoja na ufa wake.

Jina nalo lahitaji neno moja, maana tu walimu wa lugha. Mjumbe mmoja alitukemea kwa kulitumia neno klarineti, akidai kwamba Kiswahili kina zumari na hakina haja ya kukopa. Tunaheshimu bidii yake, lakini hatukubaliani naye. Zumari ya pwani hupulizwa kwa ulimi wenye tabaka mbili zinazogongana, ilhali klarineti ina tete moja tu, linalofungwa juu ya kipande cha mdomoni na kutetemeka dhidi yake. Tena chombo hiki kilianza katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, mnamo mwaka 1700, na sifa ya kukibuni hupewa fundi Johann Christoph Denner. Kukiita zumari ni kumnyang'anya zumari jina lake, na kumpa mgeni ukoo usio wake. Mgeni na aitwe kwa jina lake.

Sasa tuikabili hoja ya wapenzi wa kikongwe. Wanatuambia kwamba mwacha asili ni mtumwa, kwamba chombo hiki kimebeba historia, na kwamba ni aibu kukipita na kuchagua kisicho na jina. Methali hiyo twaikubali. Lakini asili ya klarineti ni nini? Ni kupulizwa pamoja na wenzake. Klarineti haikuumbwa kukaa peke yake. Iliumbwa kuingia katika safu, mbele ya tarumbeta na nyuma ya filimbi, ikisikiliza na kusikilizwa. Hapo ndipo zile herufi mbili zinapoanza kudai haki yao.

HP si pambo. Ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya sauti ya juu. Katika Uingereza ya karne ya 19, bendi zilizoea kupandisha kimo cha sauti mpaka ile noti inayotumika kulinganishia vyombo, yaani noti ya A, ikawa na mitetemo ipatayo 452 kwa sekunde. Bendi za jeshi la nchi hiyo ziliendelea hivyo mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920. Ufaransa, kwa upande wake, ilikuwa imekwisha kuweka mitetemo 435 kwa sheria tangu 1859. Katika mkutano uliofanyika London mwaka 1939 wataalamu wa mataifa kadhaa walikubaliana juu ya mitetemo 440, na kipimo hicho ndicho kinachofuatwa leo na vinanda, magitaa na tarumbeta zinazouzwa madukani.

Tofauti ya mitetemo 12 yaweza kuonekana ndogo katika maandishi. Masikioni ni karibu robo toni. Aliyewahi kusikia waimbaji wawili, mmoja akiwa juu ya mwenzake kwa kiasi hicho, anajua kwamba hata asiye na elimu ya muziki hukunja uso. Mjumbe mmoja alijibu kwamba dawa ni nyepesi, kivutwe kidogo katika kiungo kilicho chini ya mdomo, kirefuke, nayo sauti ishuke. Angekuwa amekwisha kujaribu asingesema. Chombo cha HP ni kifupi kuliko cha kawaida kwa sentimita mbili hivi, na ufupi huo haukukatwa mahali pamoja. Matundu yote yamesogezwa, kila moja kwa kipimo chake, kuanzia juu mpaka chini. Ukikivuta katika kiungo cha juu, noti zinazotoka karibu na mdomo hushuka sana, na zile zinazotoka mbali hushuka kidogo. Utakuwa umeacha chombo kisichopatana na wenzake, umepata chombo kisichopatana hata na nafsi yake.

Lipo na jambo la vidole. Mtindo wa Albert si mtindo duni. Tusisingiziwe kwamba tumesema hivyo. Wapigaji wakubwa wa New Orleans, kama Sidney Bechet na Johnny Dodds, waliutumia, na Waturuki na Wagiriki wangali wakiutumia kwa ufundi unaostaajabisha. Lakini wao wana walimu wa mtindo huo, na wanafunzi hukaa miguuni pao. Sisi tunaye mmoja, naye ni mzee. Vitabu vya kujifunzia vilivyomo katika kabati la kikundi, kama vilivyo vingi duniani, vimeandikwa kwa ajili ya mtindo wa Boehm, ule ambao Hyacinthe Klosé na fundi Louis-Auguste Buffet waliuonyesha Paris mwaka 1839. Tukimpa mwanafunzi chombo cha Albert na kitabu cha Boehm tutakuwa tumempa kufuli na ufunguo wa nyumba nyingine, kisha tumlaumu kwa kusimama nje.

Wala hatusemi kikongwe kitupwe. Kinyume chake, twasema kwamba wanaotaka kukitengeneza ndio watakaokiharibu. Mti uliokaa mkavu kwa miaka mingi, ukipulizwa ghafula, hulowa ndani kwa mvuke wa pumzi huku nje ukiwa bado mkavu. Ndani hutanuka, nje hukataa, na ufa huingia mahali ambapo hapakuwa na ufa. Tena fundi akishaondoa vifuniko vya zamani, nyuzi za viungo na springi alizoziweka fundi wa kwanza, atakuwa ameufuta ushahidi wa namna chombo kilivyotengenezwa na kutumiwa. Kuhifadhi ni kazi moja, kurudishia pumzi ni kazi nyingine. Kikongwe chetu chastahili ile ya kwanza. Kipimwe, kipigwe picha, kifungwe mahali pakavu pasipo joto kali, na habari zake ziandikwe kutoka kinywani mwa mzee angali hai. Kazi hiyo haigharimu hata nusu ya zile fedha. Yataka kalamu na subira, na vyote viwili ni vyombo vya mwalimu.

Tuwageukie wapenzi wa mng'aro. Wao wameshambuliwa mkutanoni kwa sababu isiyo ya haki, kwamba chuma hakiwezi kutoa sauti tamu kama mti. Si kweli. Wataalamu wa sayansi ya sauti wameonyesha kwamba kinachotetemeka ni hewa iliyomo ndani ya bomba, na kwamba umbo na upana wa uwazi huo, pamoja na matundu yake, ndivyo vinavyoamua sauti kwa sehemu kubwa kabisa, kuliko kitu ambacho bomba limeundwa nacho. Klarineti ya chuma iliyoundwa vizuri husema vizuri, na haiingii ufa. Sisi twaikataa hii ya kwetu kwa sababu nyingine: imepungukiwa vibonyezo viwili. Vibonyezo vya kiwanda kimoja havilingani na vya kingine, na kwa chombo kilichoundwa takriban karne moja iliyopita havipatikani dukani. Fundi atalazimika kuvifua kwa mkono, kimoja kimoja, na kuvichomelea nguzo zake bila ya kuwa na mfano wa kufuatia. Fedha zetu zitakwisha kabla ya kibonyezo cha pili. Mng'aro ule wote ni wa nje. Hautuambii kama chombo kinavuja.

Wenye hoja ya plastiki ndio tunaowaheshimu zaidi, kwa maana hoja yao ina miguu. Klarineti ya plastiki haipasuki kwa jua wala kwa mvua, na kwa mtoto anayeanza ni chombo kizuri. Laiti mfuko wetu ungetosha kununua ishirini, tungeinua mikono kabla yao. Lakini kwa bei ya moja, tena baada ya kuuza tatu, tungepata nini? Tungepata chombo kimoja, tupoteze vitatu, na tusijifunze namna ya kutunza hata kimoja. Siku cha plastiki kitakapolegea springi tutakuwa pale pale tulipo leo, tukitafuta cha kuuza.

Yako mazingatio mengine tuliyoshangaa hayakutajwa na mtu yeyote mkutanoni, nayo ni ya mti wenyewe. Mpingo unaotumiwa na viwanda vya klarineti vya Ulaya hutoka zaidi Tanzania na Msumbiji. Ni mti mzito hata huzama majini, na hukua polepole mno. Yapita miaka 70 na zaidi kabla haujafaa kukatwa kwa kazi hiyo. Katika Wilaya ya Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha kuvuna misitu yao kwa uangalifu, ili mpingo uuzwe bila ya kwisha. Tangu mwaka 2017 biashara ya miti yote ya ukoo huo, uitwao Dalbergia, imewekewa masharti ya mataifa. Vyombo vya muziki vilivyokamilika vilisamehewa mwaka 2019, lakini magogo hayakusamehewa. Basi chombo chetu cha tatu huenda kilitoka katika ardhi ya jirani zetu, kikaenda Ulaya kikiwa gogo, kikarudi Afrika ya Mashariki kikiwa muziki. Kukiacha kioze sandukuni kwa ajili ya ufa wa kidole ni kuudharau mti uliomaliza umri wa binadamu ukikua.

Na huo ufa ni kitu gani? Nyufa si za namna moja. Ufa uliokata tundu la noti, au uliopenya toka nje mpaka ndani, ni ugonjwa mkubwa. Ufa wa juujuu, usiofika ndani na usiogusa tundu, fundi huujaza gundi kali iliyochanganywa na unga wa mpingo, akaulainisha. Ukiwa wa kutiliwa shaka huupenyezea vijiti vyembamba vya chuma, vikaushika pande zote mbili usifunguke tena. Fundi wa Kampala aliyeombwa na mzee akiangalie chombo chetu amesema ufa wake haujafika ndani wala haujakata tundu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tunataka kuziba ingali ni ufa. Baada ya hapo kazi ni ya kawaida: vifuniko vipya, vizibo vipya vya viungo, mafuta kidogo katika springi, na usafi. Mwanafunzi atakayekabidhiwa atakipiga dakika 10 au 15 kwa siku katika majuma ya kwanza, na kila mara atakikausha ndani kwa kitambaa, mpaka mti uizoee tena pumzi. Wala asikioshe kipande cha mdomoni kwa maji ya moto, kwani eboniti hupinda.

Tumesema mwanzo kwamba kosa hili si la muziki peke yake. Katikati ya mkutano tulimwuliza mzee mwenyewe anapenda kipi. Alisimama, kama askari anavyosimama, akakinyanyua kikongwe, akasema, "Walimu, hii ya baba mimi napenda sana, lakini hapana patana na wenzake." Kisha akakinyanyua cha tatu, akapitisha kidole juu ya ufa. "Hii iko na kidonda, lakini naweza kusimama kwa mstari."

Baadhi ya wajumbe walicheka. Hawakuicheka hoja, maana hakuna aliyeijibu. Walicheka Kiswahili chake. Na waliocheka zaidi ndio hao hao waliokuwa wakitoa machozi kwa ajili ya klarineti ya baba yake.

Tunataka kuwauliza wenzetu, kwa heshima zote: ni historia gani wanayoipenda? Hapa Uganda Kiswahili kimekaa miaka mingi katika kambi za askari na polisi kuliko katika madarasa. Waliokibeba walikuwa watu kama mzee huyu na baba yake, waliojifunza kwa amri, si kwa kitabu. Katiba ilipokitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri lilipoagiza mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, sisi walimu tulikuta njia iliyokwisha kukanyagwa na viatu vyao. Kazi yetu ni kufundisha Kiswahili sanifu, nasi tutaifanya. Lakini tusimcheke aliyeilinda lugha ikiwa na kidonda, ikasimama kwa mstari mpaka tulipofika. Kukitundika chombo cha marehemu ukutani na kukizomea kinywa cha mwanawe aliye hai si kupenda asili. Ni kupenda kilichonyamaza, kwa kuwa kilichonyamaza hakitujibu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu katika mkutano ujao. Kwanza, klarineti ya tatu ipelekwe kwa fundi mara moja, na mwanafunzi mmoja afuatane nayo ajifunze kazi. Pili, kikongwe kihifadhiwe kama kilivyo, pasipo kutengenezwa, pamoja na maelezo yake. Na cha chuma kiwekwe akiba mpaka vibonyezo vipatikane. Tatu, mzee aombwe, kwa barua ya chama yenye adabu, awafundishe vijana wetu kupiga, akisema nao Kiswahili alicho nacho.

Mwenye hoja iliyo bora kuliko yetu na aiandike katika kurasa hizi. Tutaisoma, na tukishindwa tutakubali. Tunaloomba ni kwamba asitujibu kwa umri wa chombo wala kwa mng'aro wake. Atujibu kwa kutuonyesha namna kitakavyopatana na wenzake.